Kwa gari hadi Bonde la Lambwe, ambako mbung'o alikuwa askari wa wanyama

WAKO watu wanaosafiri mbali kwenda Mauritius au Iceland, wakakodi gari na kukizunguka kisiwa wenyewe, wakisimama watakapo na kuondoka watakapo. Kusini magharibi mwa Kenya ipo safari ya namna hiyo ambayo mtu anaweza kuianza alfajiri mjini Homa Bay na kuimaliza jioni katika kisiwa cha Rusinga, akiwa amepita kando ya masalio ya volkano, akakatiza mbuga yenye vifaru na twiga, kisha akateremka hadi ufuo wa ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Mbuga hiyo ni Ruma, na imo ndani ya Bonde la Lambwe.

Wageni wanaofika huko ni wachache mno wakilinganishwa na wale wanaomiminika Maasai Mara. Msafiri anaweza kuendesha gari kwa saa mbili bila kukutana na gari jingine, na hilo kwa wengi ni baraka. Lakini ili aelewe anachokitazama kupitia kioo cha gari lake, hana budi kujua kwanza ni kwa nini bonde hili, ambalo limezungukwa na vijiji na mashamba pande zote, halikulimwa likaisha. Jibu ni mdudu mmoja mdogo, ambaye tutamrejelea baadaye.

Njia za kufika ni mbili. Anayetoka Kisumu hupitia Ahero na Katito, kisha hufuata barabara ya Kendu Bay hadi Homa Bay. Huyu ana faida ya kusimama Kendu Bay akaliona ziwa dogo la Simbi Nyaima, lililo ndani ya shimo la volkano, lenye maji ya magadi na ambalo heroe hulitembelea. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichogharikishwa usiku mmoja kwa sababu watu wake, waliokuwa wakila na kunywa karamuni, walimnyima ajuza hifadhi. Anayetoka Nairobi hupitia Narok, Bomet na Kisii hadi Rongo katika Kaunti ya Migori, na hapo huiacha barabara kuu iendayo Isebania akakata kulia kuelekea Homa Bay. Barabara zote mbili ni za lami.

Homa Bay ndipo mahali pa kujaza mafuta na kukagua gurudumu la akiba, jeki na maji ya kunywa. Asidanganyike mtu kwamba atayapata hayo mbele kila anapoyahitaji. Juu ya mji imesimama Got Asego, kilima kilichochongoka kama pia iliyopinduliwa, na anayekipanda asubuhi huonyeshwa ghuba yote bila malipo.

Kutoka hapo hadi Mbita ni takriban kilomita 40. Mara tu mji unapoachwa nyuma, vilima vya Ruri hujitokeza upande wa kushoto, vimetengana na vinginevyo kana kwamba vilidondoshwa na mpita njia. Hivyo ni vizibo vya volkano, yaani mawe yaliyoganda ndani ya koo la mlima wa moto na kubakia baada ya mlima wenyewe kumomonyoka. Mawe ya vilima hivyo, kama yale ya Mlima Homa ulio ng'ambo ya ghuba, yana kiasi kikubwa cha madini ya jamii ya chokaa, jambo lisilo la kawaida kwa mawe yaliyotokana na moto. Leo duniani pote ni volkano moja tu iliyo hai inayotapika uji wa aina hiyo, nayo ni Ol Doinyo Lengai huko kaskazini mwa Tanzania.

Volkano kubwa zaidi ya eneo hili iliitwa na wanajiolojia Kisingiri. Ilikuwa ikilipuka yapata miaka milioni 18 iliyopita, na vilima vya Gwassi vinavyoonekana magharibi mwa bonde ni sehemu ya mbavu zake. Visiwa vya Rusinga na Mfangano pia ni mabaki yake. Upande wa kusini mashariki bonde limezibwa na ukuta mrefu wa Kanyamwa, ambao haukujengwa na volkano, bali ulitokea pale ardhi ilipopasuka na upande mmoja ukashuka. Lambwe basi ni sakafu iliyotumbukia kati ya ukuta huo na mlima wa moto uliozeeka. Katikati yake hupita mto Lambwe, ambao wenyeji huuita Olambwe, na ambao hutiririka kwa msimu.

Ramani hii ndogo ni muhimu kwa dereva. Sakafu iliyotumbukia hukusanya udongo mweusi mzito ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa na wakati wa mvua hunata kama gundi. Anayeingia mbugani kati ya Machi na Mei kwa gari dogo la mjini anajitafutia usiku wa kulala njiani. Hata gari linalosukumwa na magurudumu yote manne huweza kukwama iwapo dereva atasimama katikati ya tope ili apige picha. Miezi mikavu ndiyo salama, na hata hapo inafaa kuuliza langoni hali ya vijia vya ndani kabla ya kuvifuata, kwa maana mvua ya alasiri karibu na ziwa haibishi hodi.

Turudi kwa yule mdudu. Mbung'o ni nzi wa rangi ya kahawia, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani, mwenye mrija mgumu kinywani unaoweza kupenya nguo. Dume na jike wote hufyonza damu. Katika kufyonza huko wanaweza kumwambukiza mtu vimelea vya malale, ugonjwa ambao huanza kwa homa na kuumwa na kichwa, kisha vimelea vinapoingia kwenye ubongo mgonjwa huchanganyikiwa, hulala mchana na kukesha usiku, na asipotibiwa hufa. Ng'ombe nao hupata nagana, wakakonda na kufa. Wanyamapori huweza kuvibeba vimelea hivyo bila kuonekana wagonjwa, na hapo ndipo penye kiini cha kisa cha Lambwe: nyati na swala waliishi na mbung'o, ilhali binadamu na ng'ombe wake hawakuweza.

Kati ya mwaka wa 1900 na 1920 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Victoria, na serikali ya kikoloni ikahamisha watu kutoka sehemu nyingi za ufuo. Katika Bonde la Lambwe ugonjwa uliendelea kujitokeza kwa vizazi kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulizuka tena kwa ukali. Vichaka vilifyekwa, dawa zikanyunyizwa hata kwa ndege. Kila mara mbung'o alipungua, akajificha katika vichaka vizito vya ndani ya hifadhi, kisha akarudi.

Ni katika mazingira hayo ambapo mwaka wa 1966 bonde lilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka wa 1983 likapandishwa hadhi na kuwa Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, yenye ukubwa wa kilomita 120 mraba. Sheria iliwekwa na serikali, lakini ukweli ni kwamba mlinzi wa kwanza wa eneo hili hakuwa na sare wala bunduki. Mkulima aliyetaka kusogeza shamba lake ndani ya bonde alimhofia mbung'o kabla ya kumhofia askari.

Njia iliyosaidia kumshinda mbung'o kwa kiasi kikubwa inategemea udhaifu wake wa uzazi. Tofauti na mbu au nzi wengine wanaotaga mayai mamia, jike la mbung'o huzaa funza mmoja tu kwa wakati, takriban kila baada ya siku tisa au kumi. Kwa hiyo ukiondoa sehemu ndogo tu ya majike kila siku, bila kukoma, kizazi chote huporomoka. Mbung'o pia huvutiwa na rangi ya buluu na nyeusi, pamoja na harufu ya mkojo wa ng'ombe. Ndiyo maana mgeni katika maeneo yenye mbung'o huona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa vichakani kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Hiyo ni mitego, na haifai kuguswa kwani hutiwa dawa.

Utafiti wa wadudu una makao yake karibu sana na hapa. Kituo cha kimataifa cha ICIPE, kilichoanzishwa mwaka wa 1970 na mwanasayansi Mkenya Thomas Odhiambo, kina kampasi huko Mbita, na leo kampasi hiyo ina jina lake. Mwezi Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilithibitisha kwamba Kenya imeyatokomeza malale kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ugonjwa huo na kugunduliwa humu nchini alikuwa wa mwaka wa 2009, na wawili waliothibitishwa mwaka wa 2012 walikuwa wasafiri waliotoka Maasai Mara.

Kutokomezwa kwa ugonjwa hakuna maana kwamba nzi ameisha. Bado yumo, anauma, na hupenda kufukuza kitu kinachokwenda, likiwemo gari. Msafiri avae nguo za rangi ya udongo au kijani kibichi kilichofifia, aepuke buluu na nyeusi, na apitapo kwenye vichaka vizito afunge madirisha. Isitoshe, eneo zima la ziwa lina malaria, na chandarua na dawa za kinga ni sehemu ya mizigo.

Mbugani huingiwa kupitia lango la Kamato. Malipo ya mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) siku hizi hufanywa kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen, wala si kwa pesa taslimu, na ni busara kuyamaliza ukiwa bado mjini, ambako mawimbi ya simu ni ya kutegemewa. Ndani, mwendo usizidi kilomita 40 kwa saa, na hairuhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Anayetaka kulala ana nyumba ya wageni ya KWS iitwayo Oribi, au maeneo ya kupiga hema.

Asitarajie makundi ya nyumbu yanayofunika upeo wa macho. Nyasi za Ruma hurefuka hadi zikamficha mnyama aliyesimama hatua chache kutoka barabarani, na uvumilivu ndio darubini ya kwanza. Twiga huonekana kwa urahisi kwa sababu ya shingo zao. Kongoni husimama juu ya vichuguu wakilinda zamu. Taya, swala mdogo ambaye nyumba ile ya wageni imepewa jina lake la Kiingereza, huchomoka nyasini ghafla, akaruka mara tatu nne, kisha akageuka kumtazama aliyemshtua. Nyati wapo wengi. Vifaru waliletwa mwaka wa 2012, weusi kutoka shamba la Mugie huko Laikipia, na weupe nao wakahamishiwa hapa. Ujio wao ulileta ulinzi mkali zaidi kuliko uliokuwako.

Lakini mnyama ambaye kwa ajili yake Ruma ipo si kifaru. Ni korongo. Hapa lugha yetu inamtatiza kidogo mhariri, maana korongo katika Kiswahili ni ndege mwenye miguu mirefu, tena ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, na tena ni huyu swala. Anayeandika kwamba amevuka korongo lenye korongo akimtafuta korongo hajakosea sarufi, ila atapigiwa simu na wasomaji.

Korongo wa Ruma ni miongoni mwa swala wakubwa zaidi barani, akipitwa hasa na pofu. Rangi yake ni ya hudhurungi iliyopauka, ana singa zilizosimama shingoni, masikio marefu yenye vishada nchani, na uso mweusi wenye mabaka meupe kama kinyago cha ngoma. Dume na jike wote wana pembe zilizopindia nyuma. Anapenda uwanda wa nyasi wenye miti michache, na hahimili kusumbuliwa.

Zamani walikuwako pia Maasai Mara na kwingineko nchini. Leo Ruma ndiyo ngome yao ya mwisho nchini Kenya. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka wa 2021 iliwahesabu 15 tu. Ni kweli kwamba korongo bado wapo Tanzania, Zambia na nchi nyingine, kwa hiyo kutoweka kwao hapa hakutakuwa mwisho wa jamii yao duniani. Kutakuwa mwisho wao Kenya. Kundi la 15 halistahimili ajali: moto mmoja wa nyasi uliowashwa wakati usiofaa, ukame mmoja, au kuzaana kwa ndugu kwa muda mrefu, vyaweza kulimaliza bila mtu kufyatua risasi.

Na risasi si adui yao mkubwa. Adui ni waya. Mitego ya nyaya hutegwa kwenye njia za wanyama na watu wanaotafuta kitoweo au pesa za haraka, na waya haubagui kati ya taya, ambao wapo wengi, na korongo ambao wanahesabika kwa vidole vya mikono na mguu mmoja. Ni rahisi kwa mgeni wa mjini kumlaani mtegaji. Ajiulize kwanza huyo jirani wa mbuga amepata nini katika miongo yote hii. Alipoteza ng'ombe kwa nagana, akamzika ndugu kwa malale, nyani na nyati wakala mahindi yake, na magari ya wageni ambayo yangemletea wateja wa samaki na ndizi yamekuwa machache.

Hapa ndipo penye kitendawili cha Lambwe. Kadiri mbung'o anavyodhibitiwa, ndivyo ardhi iliyo nje ya mbuga inavyopata thamani, mifugo inavyoongezeka, na mashamba yanavyosogea hadi mpakani. Hakuna mwenye akili timamu anayetaka malale yarudi. Ila askari yule asiye na sare amestaafu, na nafasi yake haijajazwa kikamilifu. Uzio pekee hautoshi. Ada ya mgeni anayelala usiku mmoja, anayenunua chakula Mbita na kumlipa kijana wa kumwongoza, ni kidogo, lakini kwa jirani ni hesabu anayoweza kuiona kwa macho yake.

Anayefika kati ya Aprili na Septemba asitazame swala pekee. Angani, chini chini juu ya nyasi, huenda akamwona mbayuwayu wa buluu, ndege adimu mwenye mng'ao wa chuma na mkia wa nyuzi mbili ndefu. Ndege huyu huzaliana katika nyanda za juu za kusini mwa Afrika, zikiwemo za Malawi na kusini mwa Tanzania, kisha huja kanda ya Ziwa Victoria miezi ambayo kwao ni baridi. Nchini Kenya, Ruma ndiyo hifadhi anakoonekana mara kwa mara. Yeye pia anahitaji nyasi ambazo hazijalimwa.

Ukitoka mbugani na kurudi kwenye lami, barabara huteremka kuelekea Mbita, vilima vya Gembe vikiwa karibu na ziwa likimetameta mbele. Kisiwa cha Rusinga kimetenganishwa na Mbita kwa mlango mwembamba wa maji. Katika miaka ya 1980 uliwekwa tuta la mawe ili magari yavuke, lakini tuta hilo liliziba mkondo wa maji, na wavuvi wakalalamika kwa muda mrefu. Sasa kuna daraja ambalo maji na mashua hupita chini yake.

Rusinga huzungukwa kwa gari kwa nusu siku. Huku kaskazini, Kasawanga, ndiko alikozikwa Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Na ni katika kisiwa hiki ambapo Mary Leakey aligundua mwaka wa 1948 fuvu la nyani wa kale aliyeitwa Proconsul, ambaye wataalamu tangu mwaka wa 2015 wanamweka katika jenasi ya Ekembo. Fuvu lilihifadhiwa na majivu ya Kisingiri, mlima ule ule ambao mbavu zake msafiri alikuwa akizitazama asubuhi kutoka Lambwe.

Usiku usipite bila kutoka nje. Wavuvi wa omena huwasha taa juu ya maji kuwavuta samaki, na anayezitazama kutoka ufuoni huona kama mji mzima umejengwa ziwani. Asikaribie maji mno, kwani viboko nao hutoka wakati huo kwenda malishoni.

Kesho yake hakuna haja ya kurudi kwa njia ile ile. Feri inayobeba magari huvuka kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno katika Kaunti ya Siaya, na kutoka hapo barabara huelekea Bondo na hatimaye Kisumu. Saa za kuondoka huulizwa gatini jioni ya kuamkia safari, na mwenye gari afike mapema, maana nafasi za magari ni chache na malori ya mizigo huwa yamekwisha kupanga foleni.